Sipigi Magoti kwa Ajili ya Usukani

Jumatano, 1 Julai 1992

Pius ametia kitumbua kwenye tundu la kuingizia sarafu. Sasa hivi tu! Nimegeuka kuzima jiko, kugeuka tena, kitumbua nusu kiko ndani ya mashine, nusu nje, naye anakisukuma kwa kidole gumba, ulimi umemtoka kwa bidii. Nikamuuliza unafanya nini wewe mtoto. Akasema anamlisha Babu. Babu ana njaa.

Nilitaka kumchapa. Nikambusu. Halafu nikakaa nachokoa kitumbua kwa njiti ya ufagio, sijui nacheka au nalia. Na alichagua kile kilichoumuka vizuri kuliko vyote, cha kuuza.

Babu ni baba yangu mdogo Benjamini. Alitutoka Pasaka ilipopita tu. Miaka yote alifanya kazi mjini kwa Mhindi mmoja, Chandu, aliyekuwa na chumba cha michezo ya mashine. Chandu alipofunga chumba alimpa baba mdogo mashine moja iwe ukumbusho. Mashine ya gari! Sanduku refu kuliko mimi, ubavuni limechorwa gari jekundu linatema moto nyuma. Mbele lina kioo. Ukiiwasha unaona barabara ya usiku, taa nyeupe kushoto na kulia, nawe unaendesha. Hapa mtaani kuna watu wazima televisheni wameiona Zanzibar tu, tena kwa dirishani.

Kwenye kikao cha kugawa vitu, shangazi alichukua kitanda. Ndugu wa Songea wakachukua baiskeli na redio. Mimi nikaambiwa, Hyasinta, chukua lile kabati lako la ajabu. Wakacheka. Nikasema asanteni. Wao wana redio. Mimi nina kiwanda.

Tatizo moja tu. Haina usukani. Mahali pa usukani pana tundu, Pius anatia mdomo pale anaongea na Babu.

Na usukani haukupotea, najua ulipo. Uko soko la Mchikichini kwa Victoria, muuza mitumba, Mhehe, mtani wetu. Siku ya msiba alikuja kufanya fujo kama ilivyo haki ya watani. Akavaa kofia ya marehemu. Akalala mlangoni kuzuia jeneza. Akatangaza kuwa Mngoni huyu alikuwa mvivu, hata kufa kachagua mchana ili asisumbuke kuamka asubuhi. Watu walicheka huku wanalia. Sawa, ndiyo kazi yao. Lakini wakati wa kuondoka akaung'oa usukani na chuma chake chote, akauweka kichwani, akasema wenyewe waje kuukomboa.

Na kukomboa kwenyewe hataki hata senti. Anataka mtu wa nyumba ya marehemu aende Mchikichini, apige magoti mbele ya watu, aseme Wangoni tumeshindwa, tunaomba. Kila siku ananitumia salamu kwa wateja wangu wa vitumbua. Leo eti niambiwe kuwa babu zetu walitoka Kusini mbio, wakafika Songea wakachoka, ndiyo maana hadi Mchikichini nashindwa kufika.

Thubutu! Baba mdogo alitaniana na yule mwanamke mpaka mvi zikamtoka, goti hakupiga. Nipige mimi? Sipigi.

Sasa Bi Sabaha, mwenye nyumba. Mashine imeziba ukumbi, wapangaji wanapita kiubavuubavu kama kaa. Nimemwamkia shikamoo, hajaitikia vizuri. Akasema, Mama Pius, ikifika Sabasaba dude hili haliwaki, seremala wa Msimbazi analibeba akapasue mbao. Seremala mwenyewe amekwisha kuja kulipima kwa futi. Alipogonga ubavu kusikiliza kama ni mninga, Pius akamwambia usimpige Babu.

Sabasaba ni Jumanne. Vizuri! Siku hiyo watoto wa mtaa mzima wako huru na sarafu mfukoni. Siku hiyo hiyo nafungua. Jina ninalo tayari: Gari la Babu. Redio imesema vyama vingi ruksa kuanzia leo. Siku hizi kila kitu ruksa. Basi na mimi ruksa kukaa mlangoni na mwanangu natazama wateja, badala ya kuamka alfajiri kukaanga, yeye analala sakafuni karibu na moto.

Kasmir, fundi redio wa pale kona, amekuja kuikagua. Mashine nzima iko salama, ni usukani tu. Kasema niuombe kwa mwenye nao, ni dakika moja.

Nimemwambia aangalie redio zake.

Alhamisi, 2 Julai

Mpango! Dar nzima imejaa magari mabovu. Kwa nini nimlilie Victoria usukani mmoja wakati Gerezani kwenye vyuma chakavu siukosi?

Nimekwenda na Pius mgongoni. Nikaupata. Mkubwa, mweusi, wa lori. Muuzaji akaniuliza gari ni aina gani. Nikamwambia halina matairi. Akaniangalia kwa huruma, akapunguza bei.

Kurudi ndiyo ilikuwa kazi. Usukani kichwani, mtoto mgongoni, Barabara ya Msimbazi mchana kweupe! Kila kijana mtaalamu. Mmoja kaniuliza, sista, gari umelipaki wapi. Mwingine kasema huyu kaachika, katika mgawanyo kapewa usukani. Wa tatu akaniomba lifti. Nikamwambia apande nyuma, kuna mbuzi wenzake. Pius akapiga honi njia nzima. Mate yote yamenimwagikia shingoni.

Tumefunga. Usukani umetanda mlango hadi ukuta. Mpangaji wa chumba cha nyuma akashindwa kupita kwenda chooni, tukalazimika kuufungua haraka sana.

Kumbe hata ungeenea, usingefaa. Kasmir ananieleza leo, siyo jana! Kile chuma alichoondoka nacho Victoria, mwisho wake una kisahani chenye meno. Kisahani kikizunguka ndipo mashine inajua unakata kushoto au kulia. Bila kisahani unazungusha bure, gari linakwenda mbele tu hadi linagonga.

Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema alisema. Alisema nikauombe.

Jioni mteja kaleta salamu za Victoria. Amesikia nina lori, na anauliza kama naweza kumbebea marobota ya mitumba toka bandarini. Nimemrudishia salamu, nikamuuliza kama mbwa wa jirani yake bado yu hai, au Wahehe wamekwisha kumla.

Ijumaa, 3 Julai

Usiku nimepata wazo. Chandu alikuwa na mke! Ranjanben. Ana duka la vifaa vya cherehani mjini, mtu mzima sasa, sari nyeupe ya ujane, miwani kwenye mnyororo. Labda stoo kwake kuna usukani wa akiba.

Nikamwamkia, nikajitambulisha mtoto wa Benjamini. Akashika kifua. Akaagiza soda mbili. Akasema mashine ile Chandu aliipenda kuliko biashara yote, na alikuwa dereva mbaya wa ajabu, kila usiku akifunga chumba anacheza na kila usiku anagonga. Benjamini ndiye alikuwa anamcheka waziwazi, wafanyakazi wengine waliogopa. Akafuta macho kwa ncha ya sari. Pius akacheua soda.

Usukani wa akiba hana. Lakini kanipa gurudumu la cherehani ya zamani, la chuma, zuri, linang'aa. Bei kakataa. Halafu naye akaniuliza kwa nini nisimwombe tu huyo mama wa Mchikichini. Nikamweleza habari za watani, na magoti, na heshima ya Wangoni. Akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye mnyororo. Akasema hata kwao kuna mambo hayo. Siku ya harusi, dada zake bibi harusi wanaficha viatu vya bwana harusi. Bwana harusi bila kuvikomboa hatoki. Anakomboa, anacheka, watu wanakula, maisha yanaendelea. Hakuna aliyewahi kufa kwa kukomboa viatu, akasema, akinitazama usoni.

Hadithi nzuri sana. Kuficha viatu! Nimeiweka kichwani.

Mchana Kasmir akakata kisahani kwa mkasi kutoka mfuniko wa kopo la mafuta ya kupikia. Akalehemu. Akafunga gurudumu la cherehani. Akawasha.

Ikawaka! Barabara! Taa! Mngurumo! Pius akakumbatia mbao, akasema Babu ameamka. Sikujali kitu kingine chochote duniani wakati ule.

Bi Sabaha katoka chumbani na ushungi wake kuja kuzima kelele. Nikamwomba aonje mara moja tu. Akakataa. Akakataa tena, sasa amekaa. Akashika gurudumu. Akagonga. Akasema amesukumwa. Akaanza tena. Ikatokea kwamba gari linakata kushoto tu, kulia halitaki, lakini Bi Sabaha akawa amepata moto, kanga imedondoka begani, analitukana gari kwa maneno ya Kizaramo ambayo sikuyajua. Alipotaka kulilazimisha kulia, gurudumu likachomoka.

Likamtoka mikononi, likaruka baraza, likashuka mtaani linabiringika. Likampita muuza kahawa katikati ya miguu. Pius nyuma yake tumbo wazi anapiga kelele Babu anakimbia! Babu anakimbia! Likatumbukia mtaroni, kule kwenye maji meusi, na hakuna aliyejitolea kuliopoa.

Bi Sabaha kajifunga kanga upya polepole. Akasema Sabasaba ni Sabasaba, seremala anakuja. Lakini aliniuliza, kwa sauti ya chini, ile barabara mbele inaishia wapi.

Jumamosi, 4 Julai

Sitaki kuandika habari za leo.

Naandika.

Asubuhi mteja kaniambia Victoria hayupo sokoni, amefiwa, yuko msibani Ilala. Nikasema pole yake. Halafu nikasimama na kijiko cha unga mkononi. Msiba! Mtani amefiwa! Leo zamu ni yangu! Naingia pale kwa haki zote, nachukua kitu cha marehemu, sikitoi mpaka usukani urudi. Kitu kwa kitu. Hakuna goti hata moja. Nilijiona mtu mwenye akili sana.

Nikamwacha Pius kwa Bi Sabaha. Nikafika Ilala, turubai limefungwa, watu wamejaa, wamenyamaza. Sikusalimia mtu. Mtani hasalimii. Nikapita moja kwa moja hadi ndani, koti la marehemu liko kwenye msumari, nikalivaa. Fimbo yake pembeni, nikaichukua. Nikatoka uani nimejipinda mgongo nakohoa kizee. Nikasema jamani mimi marehemu nimerudi, nimesahau kula, huko niendako hakuna pilau, na nyie Wahehe kwa uchoyo mmeanza kula bila mimi!

Hakuna aliyecheka.

Nikafikiri hawajasikia. Nikarudia kwa sauti. Nikaongeza kucheza kidogo.

Kikombe cha mtu kikaanguka. Kijana mmoja mrefu kama nguzo ya simu akasimama, akaniuliza kwa upole wa kutisha, wewe mama ni nani. Nikasema mtani wenu. Akauliza mtani wa nani. Nikasema wa Wahehe. Akasema sisi ni Wahaya.

Marehemu ni mzee wa Bukoba! Baba mkwe wa dada yake Victoria! Wahaya na Wangoni, tangu dunia iumbwe, hatuna utani wowote. Nimevaa koti la baba wa watu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Na koti lilikuwa na vifungo vingi mno.

Nikamwona Victoria anatoka upande wa wanawake, mnene, kanga kichwani, macho mekundu ya kulia. Nikasema haya, nimekwisha. Akanipita. Akaenda mpaka mbele ya wazee wa Kihaya, akapiga magoti. Yeye! Victoria! Akasema baba zangu, nisameheni, huyu ni mtani wangu mimi, amekuja kunipoza mimi, kapotea njia kwa mapenzi, kosa ni langu sikumwambia. Wazee wakanong'ona. Mmoja akaguna. Mwingine akasema marehemu kweli alikuwa anakohoa vile vile. Kijana mrefu akafunika uso kwa mkono, mabega yakaanza kumtikisika. Sijui alikuwa analia.

Nikatozwa kuosha vyombo vya msiba. Masufuria yale mtu anaweza kuoga ndani. Nimesugua hadi jua limeinama. Victoria akanipitia, akaniambia sikioni, Mngoni, hata wizi wa msibani umekushinda. Akanipa kipande cha sabuni.

Koti nilirudisha. Fimbo niliisahau mkononi. Nilifika nayo hadi kona ya Msimbazi ndipo nikaona mtu ananipisha njia kwa heshima. Nikarudi nayo mbio.

Kwa hiyo Victoria amepiga magoti, mimi sijapiga. Nikihesabu vizuri, ninaongoza.

Jumapili, 5 Julai

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza namna ya kuingia Mchikichini bila kuonekana.

Mchana vipaza sauti vya Mnazi Mmoja vinasikika mpaka chumbani, chama kipya, watu wanashangilia. Pius kauliza wanagombania nini. Nikamwambia usukani.

Akaniuliza kama seremala atamkata Babu kwa msumeno. Nikamwambia Babu hayumo mle, Babu yuko mbinguni. Akafikiri. Akasema lakini sauti yake imo. Akaniita nitie sikio kwenye tundu. Nikatia, kumridhisha tu. Ndani kunanukia vumbi, mbao, na ile tumbaku ya baba mdogo, bado, miezi yote hii.

Seremala akiibeba, harufu ile itakwenda wapi? Katika kabati la vyombo la mtu nisiyemjua.

Sikupika jioni. Tumekula vitumbua vilivyobaki, mimi na yeye, tumeegemea mashine.

Jumatatu, 6 Julai

NIMESHINDA! Niandike kwa utaratibu.

Nilipata habari za kijasusi kutoka kwa kijana anayenunua mashati kwa Victoria. Chini ya meza yake kuna kitu kizito, cha duara, kimefungwa kanga, hataki mtu akiguse. Usukani! Nini tena?

Mpango wangu: Pius asimame mbele ya meza, amwamkie, amchekeshe. Mimi nyuma, napita chini kwa kutambaa kati ya marobota, nachukua, natambaa kurudi. Nilimfundisha njia nzima. Unasema nini? Shikamoo bibi. Halafu? Unatabasamu. Halafu? Unanyamaza. Mwanangu ana akili.

Mchikichini vumbi, kelele, watu wanapanda juu ya marobota wananadi masweta ya baridi kali katika joto hili. Nikavaa ushungi wa kuazima. Nikaingia chini. Nimetambaa juu ya viatu vya watu, mmoja akanikanyaga kidole, nimevumilia kama askari. Nikakiona kifurushi. Duara! Kizito! Nikakivuta. Kikapinduka.

Makande. Sufuria la makande ya moto, chakula chake cha mchana. Maharage yameniingia kwenye ushungi, kwenye kifua, moja sikioni. Nimeuma kanga nisipige kelele.

Ndipo nikasikia juu yangu sauti ya mwanangu. Shikamoo bibi. Victoria akasema marahaba mjukuu wangu, wewe ni wa nani. Akasema wa Babu Benjamini. Halafu Pius, badala ya kutabasamu na kunyamaza kama tulivyokubaliana, akasema, ule pale usukani wa Babu, bibi, naomba.

Nikachungulia. Ulikuwa umetundikwa! Kwenye msumari, juu ya kichwa chake, hadharani, na chuma chake na kisahani chake, ameuning'inizia tai za mitumba za kila rangi! Siku zote hizi! Na chini nikaona magoti mawili madogo yanatua mavumbini. Pius kapiga magoti. Mimi mwenyewe ndiye nimemfundisha, mtoto akimwomba mkubwa kitu apige magoti kwa adabu. Mimi mwenyewe!

Victoria hakucheka. Nilitegemea atacheka, atapiga vigelegele, ataita soko lote. Akatoa tai moja moja. Akaushusha usukani, akaufuta kwa shati la kuuza, na shati lile lile akajifuta nalo macho. Vumbi la marobota ni baya sana. Akasema kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yake, nimengoja mtu wa nyumba ya Benjamini aje kunitazama. Tangu matanga hakuna aliyekuja. Nikadhani mmenisahau pamoja naye.

Halafu akainama chini ya meza, akaniona nilivyo. Akaniambia, mtani, karibu chakula.

Hapo ndipo soko likacheka.

Sasa, maadui watasema Wangoni tumepiga magoti. Hapana! Kwanza, Pius hajafika hata miaka minne, goti la mtoto si goti. Pili, baba yake ni Mmakonde, yupo Mererani anachimba mawe, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwa hiyo aliyepiga magoti ni Mmakonde. Sisi Wangoni tumesimama wima. Nilikuwa nimelala kifudifudi, lakini si magoti.

Na mpango ulikuwa wangu. Nani alimtanguliza mtoto? Mimi.

Kasmir ameufunga. Dakika moja, kweli. Inakata kushoto, inakata kulia. Pius amelala amekumbatia mguu wa mashine na sijamwondoa.

Jumanne, 7 Julai, Sabasaba

Gari la Babu limefunguliwa! Foleni toka mlangoni hadi kwa muuza kahawa! Watoto wanasukumana, watu wazima wanajifanya wamewasindikiza watoto. Viatu vimejaa barazani, maana Bi Sabaha haruhusu mtu kuingia ukumbini kwake na viatu.

Bi Sabaha mwenyewe kawahi kabla ya jua. Kacheza. Kacheza tena. Seremala alipofika na mkokoteni na msumeno, akamfukuza bila hata kugeuza shingo, akimwambia asimsemeshe yuko kwenye kona mbaya. Halafu akaniambia mashine ibaki, ila kila siku baada ya alasiri ni zamu yake. Nimekubali. Seremala naye kaacha mkokoteni, yuko kwenye foleni.

Ranjanben katuma katoni ya soda. Pius kakaa juu ya kigoda karibu na tundu la sarafu, anapokea hela za watu na kumwambia kila mmoja asante, Babu ameshiba.

Saa nane Kasmir kaizima mashine ipoe, imepata joto. Na nani anaingia? Victoria! Kavaa kama anakwenda harusini, viatu vyekundu vya kisigino kirefu, mitumba ya daraja la kwanza. Kavivua barazani kama wote. Katoa maneno yake ya utani hapo mlangoni, kwamba Wangoni sasa wana gari lakini barabara wameazima. Watu wakavunjika mbavu. Akaingia nyuma ya mashine kutazama lile gari lililochorwa. Akakaa huko kitambo, ameinama, eti ameangusha hereni.

Nami sikulala! Nikakumbuka hadithi ya Ranjanben. Nikatoka barazani taratibu, nikachukua kiatu kimoja, cha kulia, nikakificha ndani ya ndoo ya unga. Haya! Sasa mtani aje akikomboe! Apige magoti, mbele ya foleni yote, aseme Wahehe tumeshindwa, tunaomba. Nimengoja siku hii.

Alipotoka akakiona kimoja tu. Nikajitayarisha. Lakini hakugomba! Hata hakuuliza. Kavaa kandambili za Bi Sabaha, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga, akaniaga vizuri kabisa. Akaniambia, mtani, ukinihitaji nipo Mchikichini. Akashuka mtaa anacheka peke yake. Hadi sasa nasikia anavyocheka kule kona. Sijui anachekea nini mtu aliyeshindwa.

Nimeingia chumbani mara moja niandike haya yasinipotee. Kiatu sikitoi. Hata aje na ukoo mzima toka Iringa. Safari hii nimemweza, na kwa akili yangu mwenyewe, bila kumwomba mtu, bila goti, na kesho

Kasmir ananiita. Anasema watu wanataka kuanza, mashine haiwaki, waya wa umeme na plagi yake uko wapi. Nimemjibu uko pale pale nyuma ulipokuwa, atazame vizuri. Anasema ametazama, nyuma hakuna kitu, kuna hereni tu. Nimemwambia haiwezekani, nyuma hajaingia mtu yeyote leo isipokuwa